Nani Alipe kwa Mali Isiyokuwako?



Mmenitaka nizungumze juu ya wanaoichota Hazina kwa mkono wa sheria. Nitawapeleka Marekani, maana kesi ya kampuni ya DC Solar ya California yafunza kuliko nadharia yoyote.

Kampuni hiyo iliuza jenereta za nguvu za jua zilizofungwa juu ya trela. Sheria ya huko iliwapa wanunuzi wa mitambo ya jua nafuu ya asilimia 30 ya bei, ikatwayo moja kwa moja katika kodi wanayodaiwa. Bei ya jenereta moja iliandikwa dola 150,000. Mwekezaji alitoa taslimu dola 45,000, salio likabaki deni la karatasi. Lakini nafuu aliidai kwa bei nzima, yaani dola 45,000 zile zile. Pigeni hesabu wenyewe mwone ni nani hasa aliyenunua.

Ilisemekana kwamba kati ya mwaka 2011 na 2018 ziliundwa jenereta zipatazo 17,000. Angalau nusu yake hazikuwako kamwe. Malipo ya ukodishaji yalitoka katika fedha za wawekezaji wapya. Mwenye kampuni, Jeff Carpoff, alihukumiwa kifungo cha miaka 30 mwaka 2021.

Hata hivyo, mimi kama wakili sivutwi sana na mwizi. Navutwa na wateja wake. Hawakuwa watu wa kudanganyika ovyo. Berkshire Hathaway, shirika la Warren Buffett, lilikuwa miongoni mwao, na mwaka 2019 lilitenga dola milioni 377 likikiri kwamba yaelekea nafuu lililoichukua haikuwa halali.

Mwekezaji hulalamika: nami nilitapeliwa. Ni kweli. Lakini nafuu haitolewi kwa nia njema ya mnunuzi. Hutolewa kwa mtambo uliopo na unaofanya kazi. Aliyedanganywa na amdai mdanganyifu, si mlipa kodi.

Ubishi mgumu ni juu ya trela zilizokuwako kweli. Zithaminiwe kwa bei ya mkataba, ama kwa bei ambayo mtu asiyetazamia nafuu angekubali kuilipa? Mimi nashika la pili. Wakili mwenzangu atanijibu kwamba mkataba ni mkataba. Basi na anitajie mtu mmoja tu aliyetoa mfukoni dola 150,000 taslimu kwa trela ile.