Mama Mjamzito, Usijisafishe Ndani

Mimba ikiingia, homoni ya estrojeni hupanda na kuta za uke huhifadhi sukari zaidi, iitwayo glaikojeni. Sukari hiyo ikishavunjwavunjwa, bakteria rafiki aina ya laktobasili huigeuza kuwa asidi ya laktiki. Kwa kawaida pH ya uke, yaani kipimo cha uchachu, hubaki kati ya 3.8 na 4.5, uchachu ambao vijidudu vingi vya maradhi haviuwezi.

Kwa hiyo ute mweupe ukiongezeka, bila muwasho wala harufu kali, usiwe na hofu. Usijisafishe ndani kwa sabuni, ndimu wala shabu. Utaua bakteria wanaokulinda. Osha nje tu, kwa maji safi.

Ila ukiona ute wa kijivu au kijani, harufu ya samaki, damu, au maji yakichuruzika, wahi kliniki.