Kupoza Kompyuta kwa Maji na Mafuta

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Handeni na Korogwe

MANENO MAPYA
Seva: kompyuta inayofanya kazi ya watu wengi kwa wakati mmoja.
Kituo cha data: nyumba ya kuwekea seva.
Chipu: kipande kidogo ndani ya kompyuta kinachofanya hesabu.
Rejeta: chombo cha mabomba membamba kinachotoa joto la maji na kulipeleka hewani.

Natumaini mmekwisha kukaa na madaftari yamefunguliwa. Nawe unayesoma somo hili peke yako nyumbani, soma polepole, kwa sauti. Ukikwama, rudi nyuma. Si aibu.

Juma lililopita, katika darasa moja la Handeni, nilieleza kwamba ukimtumia mwanao fedha kwa simu, hesabu yake huandikwa katika seva zilizo mbali. Nikasema seva hupata joto kali, na siku hizi nyingine hupozwa kwa maji. Mama mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, maji hayo wanayatoa wapi? Maana sisi hapa twajua shida ya maji." Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile ni zuri. Leo nitalijibu.

Kwanza tujue joto latoka wapi. Umeme unaoingia katika kompyuta hugeuka kuwa joto, karibu wote. Seva hupangwa katika makabati ya chuma. Kabati la kawaida hutumia kilowati 5 mpaka 10. Pasi ya umeme hutumia kama kilowati 1. Basi ni kama kufungia pasi 10 ndani ya kabati moja. Hapo feni na hewa baridi hutosha. Lakini makabati mapya, yale ya kompyuta za akili bandia, mengine hutumia kama kilowati 120. Hizo ni pasi 120, zinawaka usiku na mchana! Upepo hauwezi kazi hiyo. Lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko lita moja ya hewa. Ndiyo maana mafundi wamegeukia maji.

Ziko njia tatu, na zote mna mifano yake karibu nanyi.

Njia ya kwanza ni kibamba. Tazama trekta katika shamba la mkonge. Maji huzunguka ndani ya injini, huchukua joto, huenda kwenye rejeta, hupoa, kisha hurudi. Kwenye seva, kibamba cha shaba hubandikwa juu ya chipu. Ndani yake mna vijia vyembamba vya maji. Maji hayagusi umeme, hugusa shaba tu.

Njia ya pili ni kuzamisha. Katika vituo vya umeme, kama kile cha Hale kilichojengwa mwaka 1964 kwenye Mto Pangani, kuna transfoma. Ndani ya transfoma kubwa mna mafuta, na nyaya zimezama humo. Mafuta hayo hayapitishi umeme, bali hubeba joto. Seva nazo zaweza kuzamishwa vivyo hivyo. Mwaka 1985 kompyuta ya Marekani iitwayo Cray-2 ilipozwa kwa kuzamishwa katika kimiminika cha namna hiyo. Vimiminika vingine huchemka upesi. Mvuke hupanda, hugusa bomba la baridi, kisha hurudi chini matone matone, kama mvuke wa sufuria unavyogusa mfuniko. Lakini baadhi yake havivunjiki katika udongo wala majini. Kampuni ya 3M, mtengenezaji mmojawapo mkubwa, ilitangaza Desemba 2022 kwamba itaacha kutengeneza madawa ya jamii hiyo kufikia mwisho wa mwaka 2025.

Njia ya tatu ni mlango wa baridi. Nyuma ya kabati hufungwa rejeta pana kama mlango. Hewa ya moto hupita humo, huacha joto lake ndani ya maji, na kuingia chumbani ikiwa imepoa.

Sasa mtauliza, kwa nini mafundi huchanganya njia hizi? Kwa sababu kila moja ina upungufu wake. Mafuta huchukua joto lote, lakini ni mazito, na kila seva inayoharibika lazima itolewe na kuchuruzishwa kabla fundi hajaigusa. Kibamba ni chepesi, lakini hupoza zile chipu kubwa tu. Vipande vingine huendelea kutoa joto hewani. Mlango wa baridi nao hauwezi peke yake kubeba pasi 120.

Basi tufanye hesabu. Tuseme kabati lina kilowati 120, na vibamba vinachukua 96. Ni ngapi zinabaki? Andika: 120 toa 96, jibu 24. Hizo 24 huachiwa mlango wa baridi. Mmoja anabeba gunia, mwenzake anabeba kikapu, na mzigo wote unafika.

Sasa turudi kwa swali la mama yetu. Joto likiisha kutolewa katika kabati, bado lazima litupwe nje. Hapa ndipo maji hupotea au huokolewa.

Waweza kulitupa kwa njia ya mtungi. Mtungi hutoka jasho, jasho hukauka, na maji yaliyobaki hupoa. Lakini yale yaliyokauka yamekwenda. Joto la kilowati 120 likitupwa lote hivyo, hukausha kama lita 180 kwa saa. Debe moja ni lita 18. Kwa hiyo ni madebe 10 kwa saa, madebe 240 kwa siku, kwa kabati moja tu!

Waweza pia kulitupa kwa njia ya trekta, yaani rejeta kavu. Maji huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, hayakauki. Lakini rejeta kavu haiwezi kupoza maji yakawa baridi kuliko hewa ya nje, na mchana wa Korogwe hewa yaweza kupita nyuzi 30 za sentigredi. Je, maji ya vuguvugu yatafaa? Kwa mlango hayafai. Kwa vibamba yanafaa, kwa sababu chipu ina joto zaidi kuliko maji hayo. Mwaka 2012, mjini Garching, Ujerumani, kompyuta kubwa iitwayo SuperMUC ilianza kupozwa kwa maji ya kama nyuzi 40.

Mwaona faida ya kuchanganya? Zile kilowati 96 zapelekwa kwenye rejeta kavu, bila kukausha maji. Zile 24 tu ndizo zitumie njia ya mtungi. Na 24 ni sehemu ya tano ya 120. Basi madebe 240 yanakuwa 48. Tumeokoa madebe 192 kila siku.

Wasikilizaji, habari hii si ya nchi za mbali. Mwezi wa Mei 2024, kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga kituo cha data Olkaria, nchini Kenya, kwa umeme wa mvuke wa ardhini. Nanyi mnajua kwamba maji ya Handeni huvutwa kwa pampu kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, na kina mama wanajua thamani ya debe moja kuliko mhandisi yeyote. Siku mtu akija kijijini na mpango wa nyumba kama hiyo, msiogope maneno makubwa. Muulizeni: joto mtalitupa kwa mtungi au kwa trekta? Madebe mangapi kwa siku? Mwambieni aandike jibu lake, nanyi mlisome wenyewe.

MASWALI
1. Taja njia tatu za kupoza seva.
2. Kwa nini maji ya mlangoni lazima yawe baridi kuliko ya kibambani?
3. Makabati 10 yakitumia njia ya mtungi tu, yatakausha madebe mangapi kwa siku?
4. Kituo cha Hale kilijengwa kwa uwezo wa kilowati 21,000. Umeme huo ungetosha makabati mangapi ya kilowati 120?

Kwaherini mpaka juma lijalo.