Wanatuita Ulaya, Wazee Wetu Tunawaachia Nani?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu yangu kijana wa Kapsokwony, siku hizi tukitoka tarawehe mazungumzo ni Ujerumani tu. Hebu tujiulize: mbona tunaitwa?

Jibu ni uzee. Kule zaidi ya mtu mmoja kati ya watano ametimiza miaka 65, na watoto wanaozaliwa ni wachache. Wanahitaji wauguzi, madereva na mafundi. Kwetu ni kinyume: sensa ya 2019 ilionyesha robo tatu ya Wakenya hawajapita miaka 35. Ndiyo maana tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa ajira na uhamiaji.

Lakini sikiliza vizuri. Zilipovuma habari za nafasi 250,000, serikali ya Ujerumani yenyewe ilikanusha: mkataba hautaji idadi. Anayetakiwa ni mwenye ujuzi na lugha, na asiye na haki ya kukaa atarudishwa.

Tena mlango uliofunguliwa hufungwa. Uingereza iliita watunza wazee kutoka nje. Machi 2024 ikawakataza wapya kwenda na familia zao, na Julai 2025 ikafunga kabisa viza ya kazi hiyo kwa walio nje.

Basi tusisafiri? La, kutafuta riziki ya halali ni ibada. Ila soma lugha kwanza, maliza kozi, na umuulizie wakala kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Usiuze ng'ombe wa baba kwa ahadi ya simu. Surat al-Maida inaanza kwa kutuamrisha tutimize mikataba. Sasa utatimizaje usiousoma?

La mwisho ndilo zito. Surat al-Israa inatuusia wazazi wetu, hasa wakishazeeka. Huko utalipwa kumwogesha mzee wa watu. Je, nyanya yako hapa mlimani atatekewa maji na nani? Kabla ya kuomba viza, kaeni kama familia, mkubaliane nani atabaki naye. Pesa hutumwa kwa simu. Mkono wa kumwinua mzee kitandani hautumwi.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu. Wabillahi tawfiq.