Iandikwe Gizani, Isomwe Mbalamwezi: Kaye ya Matamanio na Fedha ya Ziwa Mjini Uvira

Anayetaka kujua kwa nini fedha haikai mikononi mwa watu wa Uvira, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, asianze kwa kulaumu tabia zao. Aanze kwa kutazama mwezi. Ndagala na mukeke huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta samaki pale tu penye giza. Mbalamwezi ikijaa, samaki hawakusanyiki, na vyombo hupumzika ufukoni siku kadhaa. Fedha ya ziwa basi haiji kwa utaratibu wa mshahara. Hufurika siku za giza, kisha hukauka, na hata asiyevua huishi kwa mwendo huohuo: mama anayeanika ndagala, mwenye duka la vitenge, kijana wa pikipiki. Manunuzi ya pupa nayo hayatapakai mwezi mzima. Hujazana katika siku chache ambazo makuta yameingia na wauzaji wote wanajua kwamba yameingia. Kuandika unachokitamani kwenye kaye, yaani daftari, kabla ya kukinunua ni dawa inayofaa, lakini nadai kwamba hapa kwetu itafanya kazi kwa sharti moja: kitu kiandikwe wakati fedha ipo, na kiamuliwe wakati haipo. Aliyetamani redio siku ya mavuno aandike jina la kitu, bei aliyotajiwa na tarehe. Aisome kaye yake wakati wa mbalamwezi, akiwa ametulia. Na kama bado anaitaka, giza lijalo ainunue bila kujilaumu. Kungoja kwenyewe hakuzidi siku 29 au 30.

Ushahidi wa karibu kwamba dawa nyepesi kama hiyo inaweza kufaa unatoka magharibi mwa Kenya, ambako Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Waliwafuata wanachama wa vikundi vya kuchangiana kwa zamu, vile ambavyo huku tunaviita likirimba, na kuwahimiza waweke akiba ya mahitaji ya afya. Baadhi walipewa sanduku lenye kufuli na ufunguo wakabaki nao wenyewe. Wengine walipewa sanduku ambalo ufunguo wake ulikaa kwa mtu wa mradi. Mtu angedhani kufuli kali ndilo lingeshinda. Kwa vitu vya kinga, kama chandarua, sanduku lililofunguliwa na mwenyewe wakati wowote ndilo lililosaidia, na lile kali halikuongeza kitu cha maana. Naelewa matokeo hayo hivi: fedha ilikuwa imepewa kazi, na fedha yenye kazi ni vigumu kuipeleka kwingine, iwe kwa soda au kwa shemeji aliyepiga hodi. Kaye hufanya hivyohivyo kwa upande wa tamaa. Haikatazi. Ndiyo maana napendelea iwe na safu moja ambayo watu huisahau, ya kitu kitakachoachwa: redio hii ni minervali, yaani ada ya shule, ya mtoto ya miezi mingapi?

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito, linatokana na historia yetu ya fedha. Mwaka 1994 bei nchini Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000 ndani ya mwaka mmoja. Faranga ya sasa ilizaliwa mwaka 1998 kuchukua nafasi ya fedha iliyokufa. Mtu aliyelelewa katika hali hiyo akisema "nunua leo", hasemi upuuzi. Lakini hoja yake inatetea dola, bati, saruji na gunia la mchele, vitu vinavyohifadhi thamani. Haitetei kava la simu wala viatu vya tatu, ambavyo hupoteza thamani mara tu vinapotoka dukani. Tena kaye yenye bei na tarehe ndiyo inayoonyesha kitu gani hupanda kweli na kipi muuzaji alisema kitapanda kesho.

La pili ni gumu zaidi. Celeste Kidd na wenzake, huko Rochester, Marekani, walionyesha mwaka 2013 kwamba watoto waliokwisha kudanganywa na mtu mzima hawakungoja peremende ya pili zaidi ya dakika 3 hivi, kwa wastani, hali wale walioahidiwa na kutimiziwa walingoja dakika 12. Asiyesubiri si lazima awe dhaifu. Huenda amefundishwa na aliyoyaona. Nani atamlaumu mtu wa Mulongwe, mtaa wa Uvira, aliyeona mafuriko ya Aprili 2020 yakisomba nyumba, kisha mji wa Bukavu ukaanguka mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025? Ndiyo sababu sipendekezi mipango ya miaka, wala akiba iliyo mbali na mwenyewe. Mwezi mmoja, fedha ikiwa nyumbani au katika sanduku la AVEC (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana) lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu, ni subira ndogo ambayo hata mji wenye wasiwasi unaweza kuibeba.

Wauzaji wa mitumba watasema gauni zuri la leo kesho halipo. Kweli, basi iandikwe aina na bei ya juu kabisa, na likitokea linalolingana, lichukuliwe. Wasiojua kusoma wachore alama, kama vile AVEC zinavyogonga mihuri kwenye vitabu vya hisa.

Pingamizi ninalolihofia kuliko yote halitoki sokoni, linatoka nyumbani. Kaye ikishikwa na mume, matamanio ya mke yatageuka mashtaka: kila kitenge kitahojiwa, na bia haitaandikwa popote. Mgawanyo wa AVEC wa mwisho wa mzunguko, ambao ni fedha kubwa kwa wanawake wengi, utakuwa wa kwanza kuingiliwa. Napendekeza kila mtu awe na kaye yake, ukurasa mmoja tu wa mahitaji ya nyumba uwe wa pamoja, na ukurasa huo usomwe na wote wawili mwezi mmoja kabla ya sanduku kufunguliwa. Kama mume atakubali kuiandika bia yake, hilo ningependa tulijadili mchana huu akina baba wakiwamo.