NYUMBA ZA PEMBENI MWA MJI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Gesima)



Mji wa Keroka umepanda mlima na sasa wabisha hodi mlangoni kwetu. Mji wenyewe una kaunti mbili, nusu Kisii nusu Nyamira, na magavana wakibishana juu ya ushuru wa soko, nyumba hazingoji. Zajengwa. Kwa hiyo wako wanaosema: huku nje ya mji pawekwe mitaa ya nafasi, ploti kubwa, nyumba chache, maua mbele ya mlango. Chama kimetakiwa kisema maoni yake.

Sisi hatuchukii nafasi. Nani apendaye kusikia jirani akikohoa usiku? Lakini tukumbuke Nairobi. Kabla ya Uhuru wa 1963, wenye nafasi walikuwa Karen na Muthaiga, Wazungu kwa ekari zao. Mwafrika alipangiwa chumba Pumwani na Makongeni. Nafasi ile haikuwa hewa safi tu, ilikuwa ukuta. Sheria ya rangi imekwisha, lakini ukisema leo kwamba pembeni mwa mji asijenge mtu ila mwenye nusu ekari, umemfungia mlango karani, dereva na mchuma chai bila kutaja rangi ya mtu.

Na ardhi iko wapi? Hesabu ya watu ya 2019 ilipata watu 605,576 katika Nyamira, karibu 675 kwa kila kilometa moja ya mraba. Kisii walizidi 950. Baba akigawia wana wanne ekari mbili, kila mmoja apata nusu, na humo mna chai, migomba, ng'ombe na kaburi la babu. Kwa kweli sisi tumekaa kwa nafasi siku zote, nyumba na shamba pamoja. Kinachotukosa ni njia.

Hapa ndipo penye maumivu. Muuzaji akata ekari kwa ploti za futi 50 kwa 100, apate nane, na kuacha kichochoro cha mkokoteni. Mvua ikinyesha, mgonjwa hubebwa mabegani mpaka lami. Haya, tupige hesabu. Ekari ni futi za mraba 43,560. Ploti nane zala 40,000. Ukipitisha katikati barabara ya futi 30, yachukua futi 6,240 hivi, na ploti saba zatosha bado. Basi barabara yala ploti moja tu! Kwa tamaa ya ploti moja, watu saba wakae matopeni maisha yao yote.

Maoni yetu ni haya. Barabara na chemchemi zichorwe kwanza, nyumba baadaye. Choo kisichimbwe juu ya chemchemi wanakoteka maji watu wa bondeni. Karibu na soko na lami, ploti ndogo ziruhusiwe, na nyumba za kupanga pia, maana mfanya kazi hana gari. Miteremko ya chai iachwe chai. Mwenye kutaka bustani kubwa aipande, lakini isiwe amri kwa wote. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 yawapa raia haki ya kutoa maoni kabla mpango haujapitishwa, na tusipokwenda watakwenda wenye kuuza ploti.

Neno jingine, kwa wanaoweka akiba wakinunua ardhi. Sheria ya 1967 yasema shamba la kilimo likiuzwa au kukatwa bila idhini ya bodi ya ardhi, mapatano hayo ni bure, na maombi yapelekwe bodini katika miezi sita. Fedha uliyolipa waweza kuidai kama deni, lakini kudai si kupata. Mwenzetu mmoja analo karatasi lenye mihuri mitatu na hana hata pa kupanda sukuma.

Basi, mwenye nia ya kununua asilipe kwanza. Alete nakala ya ramani kwa karani wa tawi, naye ataitazama pamoja na wazee wa kamati: bodi imekubali au la, njia ina futi ngapi, maji yateremkia wapi. Na siku kaunti itakapotangaza mkutano wa mpango, twataka watu ishirini kutoka tawi hili, na akina mama wasipungue kumi, kwa kuwa ndio wanaojua kila chemchemi iliko.

Anayetaka kuandikwa, daftari liko mezani.