Kamisheni Ni Mwanzo wa Kazi



Kijana wa Malolo akihitimu Chuo cha Kijeshi Monduli na kutunukiwa kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu, jamaa zake hushangilia kana kwamba safari imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Luteni Usu huyo hupelekwa kikosini na kukabidhiwa platuni, yaani askari wapatao 30. Miongoni mwao yumo sajini aliyeingia jeshini yeye akingali shule ya msingi. Nyota ya begani humpa afisa haki ya kuamuru, haimpi kuaminiwa. Imani ataipata kwa kukagua malindo usiku, kuyajua matatizo ya kila askari, kuhakikisha wamekula kabla yake, na kumwuliza sajini bila kuona haya. Kisha atarudi darasani kwa kozi nyingine.

Taifa lilijifunza jambo hili kwa machungu. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Jeshi lile likavunjwa. Septemba 1, 1964 ikazaliwa JWTZ. Na pale Nachingwea, si mbali na Malolo, wapiganaji wa FRELIMO pamoja na viongozi wao walishika bunduki, jembe na kalamu, hata Msumbiji ikawa huru mwaka 1975.

Basi mwalimu mpya na mtumishi mpya wasijidanganye. Cheti humfikisha mtu mlangoni. Utumishi ndio humwingiza ndani. Nao wakongwe wa kazi wasiwacheke vijana hao, bali wawafunze.