Changarawe ya Mtoni Huenda Wapi Wakati wa Mafuriko?



Mafuriko yakipita, kila mtu huhesabu kilichochukuliwa: mahindi, mbuzi, daraja. Ni wachache wanaouliza changarawe ya mtoni imeenda wapi. Kule Marekani, kwenye mto Trinity ulioko kaskazini mwa jimbo la California, swali hilo limewashughulisha watu miaka mingi.

Mto huo ulizibwa kwa mabwawa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na sehemu kubwa ya maji ikaelekezwa kwenye bonde jingine. Changarawe kutoka milimani ikanasa nyuma ya ukuta. Mto uliobaki chini ulikuwa mwembamba, usio na nguvu za kusafisha mchanga ulioziba nafasi kati ya mawe. Walioumia ni samaki aina ya samoni. Jike huchimba shimo kwenye changarawe kwa mkia, hutaga, kisha huyafukia mayai. Maji yenye oksijeni hupenya kati ya mawe na kuyafikia. Nafasi zikizibwa, mayai hufa. Jamii za Hoopa na Yurok, ambazo zimewategemea samaki hao tangu enzi za mababu, hazikunyamaza. Mwaka 2000 mpango wa kuurekebisha mto ukaidhinishwa: maji zaidi yaachiliwe, na changarawe irudishwe.

Kumwaga changarawe ni kazi ya lori tu. Kujua maji yataipeleka wapi ndiyo kazi hasa. Ikisombwa yote, pesa zimekwenda. Ikituama pabaya, hujaza vilindi ambamo samaki wakubwa hupumzika.

Njia ya zamani ya kuifuatilia ni kupaka mawe rangi na kuyatafuta maji yakipungua, ila jiwe likifukiwa halionekani. Siku hizi jiwe hutobolewa, likatiwa kidude kidogo cha redio kisicho na betri, kama kile anachowekwa mbwa chini ya ngozi, chenye namba yake. Baada ya mafuriko, watu hupita mtoni na antena na kuisoma namba hiyo, mradi jiwe halijafukiwa mbali mno. Na mafuriko yenyewe yanapovuma, ambapo hakuna mwenye akili zake atakayeingia majini, vipaza sauti vya majini hunasa mlio wa mawe yakigongana.

Hapa Kenya jambo hili si geni. Mito ya msimu ya Ukambani huhifadhi maji ndani ya mchanga, na Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015. Mchanga haupakwi rangi punje kwa punje, lakini kuna njia isiyohitaji mtambo. Mnyororo huzikwa wima mchangani kabla ya mvua. Mto ukikauka, hufukuliwa: pale ulipokunjika ndipo maji yalipofika kuchimba, na mchanga ulio juu ya mkunjo ndio ulioletwa na mafuriko.